Mkono wa Kupimia Mashine

Kwa miaka tisa, kila asubuhi ya kazi, nilifunga mkanda wa mashine ya presha kwenye mkono wa kulia wa Daktari, nikabonyeza kitufe, nikaandika namba. Hakuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo tulivyojua kama mashine ni nzima. Hospitali yetu pale Suna, Migori, ni ndogo, na fundi wa mashine za hospitali tulimwona kwa nadra kama mgeni anayekuja Krismasi tu. Zile mashine za zamani za zebaki zilikuwa zimeondolewa, tukaletewa hizi za betri, na Daktari alizitilia shaka tangu siku ya kwanza. Alikunja shati akasema presha yake anaijua tangu chuoni: mia moja na kumi na nane juu, sabini na sita chini. Mashine ikisoma karibu na hapo, ni nzima. Ikisoma vingine, irudi stoo.

"Mimi ni rula, sista," aliniambia. "Rula inapima. Haipimwi."

Tulicheka. Nikanunua daftari, nikalichora mistari. Kwenye safu ya kwanza, mahali ambapo huandikwa jina la mgonjwa, niliandika "mashine". Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye muuguzi niliyesimamia wagonjwa wa nje, na mengi ninayoyasimulia hapa yalipita chini ya pua yangu.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mwendo wa kuinama kidogo, kana kwamba milango yote imejengwa kwa ajili ya watu wengine. Chai yake haikuisha hata siku moja. Alimiminiwa, akapiga mafunda mawili, akaitwa. Ukitaka kujua amepita wapi tangu asubuhi, ulifuata vikombe: kimoja dirishani mwa maabara, kimoja juu ya kabati la wodi ya watoto, kimoja, Mungu amsamehe, juu ya jenereta. Mama wa jikoni alivikusanya saa kumi akinung'unika, na siku moja alimwambia mbele yetu sote, "Daktari, wewe unaoa chai halafu unaiacha." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, na nilikipenda. Kilipokoma sikumbuki ilikuwa lini, na hilo linaniuma, kwa sababu nilipaswa kukumbuka.

Mimi aliniita nyar Kuria, binti wa Kuria, kwa kuwa nimetoka Ntimaru. Mimi nilimwita daktari wa samaki, kwa sababu kwao ni upande wa ziwa, Rusinga, na hakuna jambo ambalo hakulihusisha na samaki. Mgonjwa akiwa na damu kidogo, ale omena. Mtoto akiwa haongezeki uzito, omena. Nikamwambia siku moja kwamba kwetu watu wamezaliwa, wamekua na wamezeeka kwa maziwa na wimbi bila kuona jicho la samaki. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Na ndiyo maana mnapigana sana," akasema.

Lakini jambo ambalo watu wa Suna hawatamsahau kwalo ni vigoda vyake. Alikuwa na vigoda viwili vya mbao alivyochongewa na seremala wa pale pale sokoni, vifupi, vya kukalia goti likiwa juu. Vilikaa nyuma ya mlango wa ofisi yake. Mgonjwa akifa, Daktari hakutuma mtu. Alibeba vigoda vyake mwenyewe, kimoja kila mkono, akaenda walipo wenyewe, akaweka kimoja mbele yao, kingine akakalia yeye, akasema, "Kaa." Aliyeambiwa akae hakuambiwa neno lolote mpaka amekaa. Kisha alisema ukweli wote, polepole, bila maneno ya kuzunguka, na akabaki pale hadi yule mtu ainuke kwanza. Nimemwona akikaa saa nzima na mzee mmoja wa kwetu aliyefiwa na binti katika uzazi. Mzee hakujua Kiswahili kizuri, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, lakini kwa sehemu kubwa ya saa ile hapakuwa na la kutafsiri. Wafanyakazi tulivijua vigoda vile. Tukiviona vinapita koridoni, kila mtu alinyamaza.

Nilimuuliza kwa nini asitumie viti vya hospitali. Akasema viti vya hospitali vina miguu mirefu, na mtu akianguka kutoka juu anaumia. Sikujua kama anatania.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi kuliko punda wa maji. Alihubiri habari za chumvi kwa kila mwenye presha, kisha mchana nilimkuta amesimama jikoni anakula omena wa kukaanga, chumvi inaonekana kwa macho. Madereva wa malori ya miwa waliochoka aliwaandikia karatasi za mapumziko siku tatu, siku tano, na akawatishia kwamba akiwaona barabarani atawaripoti. Yeye likizo yake ya mwisho hakuna aliyeikumbuka. Nikimwambia apumzike, alijibu, "Nikipumzika, nani atabaki?" Tulikuwa na madaktari watatu. Mmoja akaenda Nairobi kusomea upasuaji, asirudi. Mwingine akapata kazi ng'ambo, akaaga kwa simu. Nafasi zao hazikujazwa. Kwa hiyo upasuaji ukawa wake, wodi zikawa zake, na kesi za mahakamani za watu waliopigana zikawa zake pia, maana polisi walitaka sahihi yake na si ya mtu mwingine.

Hapo ndipo alipoanza kubadilika, lakini kidogo kidogo, na mtu unayemwona kila siku humwoni akibadilika. Mkanda wa suruali uliongezwa tundu moja, halafu jingine, kwa msumari. Alitokwa na damu puani akiwa anashona jeraha la mwendesha bodaboda. Akasema ni kiangazi. Alisaga meno mpaka mama wa jikoni akamsikia kutoka upande wa pili wa meza. Kichwa kilimuuma kila siku saa sita mchana, akameza Panadol bila maji, akasema ni miwani. Kwa kila jambo alikuwa na maelezo, na maelezo yake yalikuwa mazuri, kwa sababu alikuwa daktari mzuri.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa mwili wake. Daktari alikuwa akiwajua wagonjwa kwa majina, na majina ya watoto wao, na hata ng'ombe wao. Ghafla wakawa vitanda. "Kitanda cha nne amekojoa?" "Kitanda cha tisa aende nyumbani." Bibi mmoja aliyetibiwa naye kisukari kwa miaka sita alimletea kuku, Daktari akamshukuru vizuri kabisa, na bibi alipotoka akaniuliza, "Huyo ni nani?" Nilidhani anatania. Nikasubiri kicheko. Hakikuja.

Na katika miezi hiyo hiyo, mashine zikaanza kuharibika.

Ya kwanza ilisoma mia moja arubaini na nane juu. Tukapima tena, mia moja hamsini. Daktari akakunjua shati. "Imekufa hii. Peleka stoo." Nikakata plasta, nikaandika MBOVU kwa kalamu nene, nikaibandika juu yake. Tukaomba nyingine. Hiyo nayo ikadumu wiki chache kabla ya kufika mia moja hamsini na sita. MBOVU. Ya tatu ilikuja ndani ya sanduku lake, ina harufu ya plastiki mpya, na siku ya kwanza ikasoma mia moja sitini na mbili. Nakumbuka niliitazama, kisha nikamtazama yeye.

"Daktari, hii ni mpya."

"Ni mpya, lakini ni ya bei rahisi," akasema. "Vitu vya siku hizi, yawa."

Nami nikakata plasta. Jamani, nilikata plasta! Nilisomea uuguzi miaka mitatu, nimepima presha za watu nisioweza kuwahesabu, na bado niliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba mashine tatu ni mbovu kuliko kuamini kwamba mkono mmoja umebadilika. Mkono ule ulikuwa rula yetu. Tulikuwa tumeuzoea.

Tukarudi stoo, tukafukua mashine ya nne, ya zamani, iliyowahi kuanguka ikapasuka pembeni. Nikaifunga kwenye mkono wa Daktari. Mia moja na kumi na tisa juu, sabini na nane chini. Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Hii ndiyo mashine," akasema. Tukaipeleka chumba cha kupimia wagonjwa, ikapima kila mtu: wazee, madereva, na wanawake wa kliniki ya wajawazito.

Mfanyabiashara mmoja wa nguo pale mjini, Mwislamu aliyehamia Migori kutoka mbali na ambaye sote tulinunua kwake sare za watoto wetu, alimleta mkewe kliniki. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mama yule alisema kichwa kinamuuma na anaona nyota nyota. Tukampima. Presha ilikuwa nzuri, nzuri kabisa. Tukampa dawa ya maumivu, tukamwambia apunguze kusimama dukani. Siku ya pili yake alirudishwa akiwa na degedege, kifafa cha mimba. Daktari alihangaika naye tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hatukumwokoa yeye wala mtoto.

Niliona Daktari akitoka chumba cha upasuaji. Nikatazama mlango wa ofisi yake, nikingoja aingie achukue vigoda. Hakuingia. Mume alikuwa amesimama koridoni, na Daktari alimpita kidogo, akageuka, akasema akiwa amesimama, "Pole mzee, tumejaribu, wote wawili wameenda," huku macho yake yakiwa kwenye simu iliyokuwa inaita. Kisha akaipokea simu. Mfanyabiashara yule alibaki ameshika mfuko wa nguo za mtoto. Mimi ndiye niliyemkalisha chini, kwenye sakafu. Nilimchukia Daktari siku ile. Nilimchukia kwa dhati, na sikujiuliza hata mara moja nini kimemfika.

Wiki tatu baadaye fundi wa mashine akaja, kijana mchangamfu aliyetumwa kukagua vifaa kabla vibovu havijaondolewa. Alikuwa na chombo chake cha kupimia mashine. Nikamfungulia stoo, nikamwonyesha zile tatu zenye plasta. Akakaa nazo nusu saa, kisha akanifuata chumba cha kupimia wagonjwa.

"Sista, hizi zote tatu ziko fiti. Nani aliwaambia ni mbovu?"

Nikamwambia tulizijaribu.

"Mlijaribu na nini?"

Fundi akaichukua ile ya nne, iliyopasuka pembeni, akaiunganisha na chombo chake mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Uchangamfu ukamtoka.

"Hii ndiyo mbovu," akasema. "Inasoma chini sana. Mmekuwa mkipima watu na hii?"

Nilichukua daftari langu, nikaenda ofisini kwa Daktari, nikafunga mlango. Nilimsomea namba za miaka tisa, zile za mwisho polepole. Nikamwambia alichosema fundi. Nilitegemea atabisha. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Mke wa yule muuza nguo tulimpima na gani?"

Alijua jibu. Nililisema hata hivyo.

Aliweka mikono juu ya meza, na nikaona ule wa kushoto unatetemeka. Nikamwomba anipe mkono nimpime sasa hivi, na mashine nzima. Akasema baadaye. Nikasema tafadhali. Akasema, "Baadaye, nyar Kuria. Nina mahali pa kwenda." Akainuka, akafungua mlango, akatoa vigoda vyake nyuma yake, kimoja kila mkono, na akatoka hospitalini kwa miguu katika jua la saa nane. Niliacha kila kitu nikamfuata.

Watu wa Suna walimpisha njia. Waliovijua vigoda walisimama. Alifika dukani, akaweka kigoda kimoja mbele ya kaunta, katikati ya mitandio inayoning'inia, akaweka kingine mkabala nacho.

"Kaa," akasema.

Mfanyabiashara alimtazama, akamtazama mteja aliyekuwa anachagua kitambaa, akazunguka kaunta, akakaa.

"Nilikuambia vibaya siku ile," Daktari akasema. "Na sikukuambia yote, kwa sababu sikuwa najua yote. Mke wako alikuwa na presha ya juu alipokuja kliniki. Mashine yetu ilikuwa mbovu. Ilisema yuko sawa. Mimi ndiye niliyeichagua mashine ile, na niliichagua kwa sababu ilisema na mimi niko sawa."

Yule mteja alitoka bila kununua. Mfanyabiashara hakulia wala kupaza sauti. Alipapasa magoti yake, na baada ya muda akasema, "Nimekusikia, daktari. Sasa naomba uniache nifunge duka." Daktari hakuinuka. Ilikuwa desturi yake kungoja mwenye msiba ainuke kwanza, na yule bwana alielewa, akainuka. Kisha Daktari akajaribu kuinuka naye, na mguu wa kushoto haukumfuata.

Alianguka pale, kutoka kwenye kigoda kile kifupi. Nilipopiga magoti kando yake mdomo ulikuwa umeshapinda upande mmoja. Aliyeshika miguu yake tukimpakia garini ni mfanyabiashara mwenyewe, kwa gari lake, na nimelikumbuka jambo hilo kila ninapofikiri kwamba watu wamekwisha.

Kiharusi hakikumuua. Alilazwa mbali, kisha akarudishwa kwao. Mimi ndiye niliyemfungia vitu vyake vya ofisini: vitabu, stetoskopu, vikombe saba na vigoda viwili. Zile mashine tatu zilirudi kazini, ila moja kitufe chake kilikwama na ikaandikiwa kuondolewa. Fundi akakifungua, na mganga mkuu mpya akaniruhusu niichukue. Plasta yangu bado ilikuwa imebandikwa juu.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, karibu miaka miwili baadaye. Sikuwa nimekwenda mapema kwa sababu niliona aibu, nami sitatafuta neno jingine. Nilivuka daraja la kutoka Mbita nikiwa na kilo mbili za sukari, daftari langu, na mashine ndani ya mfuko. Boma lao lina mahindi upande wa juu na sukuma wiki karibu na nyumba. Mkewe alinipokea kwa mikono miwili, akanionyesha alipo. Amekonda. Mkono wa kushoto amelaza mapajani, na maneno yanatoka polepole, lakini yanatoka yote.

"Daktari wa samaki," nikasema.

"Nyar Kuria. Umekuja kunipigia kelele?"

"Nimekuja kukupima."

Akacheka. Si kile kicheko, ila kilikuwa jamaa yake. Nikatoa mashine, akaiona plasta, akaligusa kwa kidole neno lile MBOVU. Akanipa mkono wa kulia, ule ule. Nikafunga, nikabonyeza, tukangoja. Mia moja thelathini na nane juu, themanini na nane chini. Nikafungua daftari, na kwa mazoea kalamu ikaenda kwenye safu ya kwanza kuandika "mashine". Akanishika kifundo cha mkono.

"Andika jina," akasema. "Jina langu."

Niliandika majina yake yote matatu. Machozi yalinitoka nikiandika na sikuyazuia. Mkewe akaniletea chai. Akaletewa na yeye, na nilimtazama akinywa kikombe chote hadi mwisho, bila haraka, mtu asiyeitwa popote.

Aliuliza habari za hospitali. Nikamwambia: daktari mmoja aliletwa, akaondoka. Wauguzi wawili wamehama. Mimi sasa nasimamia wagonjwa wa nje na wodi ya wazazi pia. Aliuliza nalala saa ngapi. Nikasema nalala vizuri tu. Aliuliza habari ya jicho langu la kulia, mbona linacheza. Nikasema ni vumbi la njiani. Nikaanza kukunja mkanda wa mashine, nikisimama, nikasema safari ya Migori ni ndefu na sitaki kuchelewa.

Aliegemea pembeni, akanyoosha mguu wa kulia hadi chini ya meza, akavuta kitu, na kikaja kikikwaruza sakafu mpaka mbele yangu. Kilikuwa kigoda.

"Kaa," akasema.

Nilikaa. Alinifunga mkanda kwa mkono mmoja, akiubana kwa kidevu, asikubali mkewe amsaidie. Akabonyeza kitufe. Kioo cha mashine kilitazama upande wake, nami niliona uso wake tu, naye alitazama namba zile kwa muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kusoma namba.

"Ni ule mwendo wa darajani," nikasema. "Na kitufe chake kiliwahi kukwama. Haiko sawa sana hiyo mashine."

Daktari hakubishana nami. Alilivuta daftari likaja upande wake, akachukua kalamu, na chini ya jina lake, kwenye safu ya kwanza, akaandika jina langu. Mwandiko wake ni ule ule mbaya wa siku zote, lakini nililisoma.